Kuiga gemu iliyopo au kujenga kwa ruwaza: ipi inakufaa?

Kikundi kidogo kinachoanza kutengeneza gemu ya simu, kiwe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, hakikawii kufika kwenye mabishano haya. Mmoja anasema: tuchukue gemu ile inayopendwa, tubadilishe picha, tuweke mambo ya kwetu. Mwenzake anakataa: tukae kwanza tufikirie tunataka mchezaji afanye nini na ajisikieje, halafu tuchague vipande vya kufanya kazi hiyo. Wa kwanza anataka kuiga. Wa pili, hata kama hajui kwamba jambo hilo lina jina, anataka kujenga kwa ruwaza.

Njia zote mbili zimezaa gemu nzuri, na zote zimezaa gemu zilizofutwa kwenye simu siku ileile zilipopakuliwa. Kwa hiyo sitasema moja ni ya wajanja na nyingine ya wavivu. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba hazikupi kitu kilekile. Anayeiga anapata vipimo vilivyokwisha kujaribiwa na mtu mwingine: ubao uwe na ukubwa gani, adui aende kwa kasi gani, zawadi ije baada ya hatua ngapi. Sababu za vipimo hivyo hapewi. Anayetumia ruwaza anapata sababu: jambo hili huleta matokeo gani, hugongana na nini, huenda vizuri na nini. Vipimo atavitafuta mwenyewe. Kabla ya kuchagua, basi, jiulizeni kikundi chenu kimepungukiwa na kipi kati ya hivyo viwili.

Ruwaza ni kitu gani hasa

Kuiga hakuhitaji maelezo. Ruwaza inahitaji kidogo.

Ruwaza ya ubunifu wa gemu ni jambo linalojirudia katika gemu nyingi, likapewa jina, likaelezwa linavyofanya kazi na linavyomwathiri mchezaji. Jiwe, karatasi na mkasi ni ruwaza: kila chaguo linashinda moja na kushindwa na jingine, hivyo hakuna silaha iliyo bora daima. Kumtoa mchezaji kabla mchezo haujaisha ni ruwaza. Ukungu unaoficha ramani mpaka uende mwenyewe kuona ni ruwaza.

Fikra hii ilitoka kwenye majengo. Mwaka 1977 msanifu Christopher Alexander na wenzake walikusanya ruwaza za nyumba, mitaa na miji. Waandishi wa programu wakaichukua kwa nguvu mwaka 1994. Kwenye gemu, Doug Church aliandika mwaka 1999 akilalamika kwamba wabunifu hawana msamiati wa pamoja wa kuzungumzia kazi yao. Mwaka 2002 Bernd Kreimeier akapendekeza waziwazi kwamba msamiati huo uwe wa ruwaza. Kisha Staffan Björk na Jussi Holopainen wakakusanya ruwaza zaidi ya 200 katika kitabu kilichotoka mwaka 2005. Jambo lenye faida kubwa katika kazi yao, kwa maoni yangu, ni namna walivyoziunganisha: kila ruwaza imeandikwa ni zipi inazizaa, ni zipi inazibadilisha na ni zipi inaweza kugombana nazo. Hapo kwenye ugomvi ndipo mbunifu anapoponea.

Chukua hiyo ya kumtoa mchezaji. Katika PUBG, gemu ya mapigano iliyotoka mwaka 2017, watu 100 wanaingia na karibu wote wanatolewa, lakini hakuna anayenung'unika kwa kukaa bure. Ukitolewa, unabonyeza na kuingia mchezo mwingine papo hapo. Sasa chukua kanuni hiyohiyo uitie kwenye gemu ya watu wanne wa familia moja wanaopokezana simu moja sebuleni. Wa kwanza kutolewa atakaa akitazama wengine, na kesho hatataka kucheza tena. Aliyeiga ataona tu kwamba "ile ya PUBG imekataa kwetu". Aliyesoma ruwaza angejua mapema kwamba kumtoa mchezaji kunazaa muda wa kusubiri, na kwamba muda huo ndio unaoua, utoaji wenyewe hauna kosa.

Anachopata anayeiga, na gharama yake

Nianze na sifa, kwa sababu wanaofundisha ruwaza mara nyingi huzipita haraka mno.

Kuiga ndiyo shule ya kwanza ya karibu kila mbunifu, na historia haioni haya. Mwaka 1994 Mrusi Eugene Alemzhin alitoa Shariki, gemu ya kupanga vitu vitatu vya rangi moja mstarini. Mwaka 2001 ikaja Bejeweled ya PopCap kwa kanuni iyo hiyo. Mwaka 2007 Puzzle Quest ikachukua kanuni ya kupanga vitatu na kuifunga kwenye vita na safari ya shujaa: kila safu unayoipanga ni pigo au uchawi. Mwaka 2012 ikaja Candy Crush Saga, yenye ramani ya ngazi, vizuizi vya kila aina na idadi ndogo ya hatua. Angalia mstari huo vizuri. Kila aliyefanikiwa aliiga kiini kilekile, lakini aliongeza au alibadilisha kitu kimoja chenye uzito. Puzzle Quest hasa haikuwa nakala ya gemu yoyote; ilikuwa ndoa ya ruwaza mbili ambazo hakuna aliyedhani zinaweza kukaa nyumba moja.

Faida ya pili ni vipimo, kama nilivyosema. Ubao wa Tetris, gemu ya kupanga vipande vinavyoanguka, una upana wa visanduku 10 na kimo cha 20. Anayeiga anavipata bure. Akiamua kupunguza upana hadi 6 ili utoshe kwenye simu ndogo, mchezo unakuwa mwingine kabisa: kipande kirefu cha visanduku vinne kikilala kinakula theluthi mbili ya ubao, na nafasi ya kurekebisha kosa inatoweka. Fundi cherehani anayekata gauni jipya kwa kupima la zamani hupata gauni linalokaa vizuri, mradi mwenye kulivaa awe na mwili uleule. Vipimo vya gemu navyo viko hivyo. Vilikatwa kwa skrini fulani, mchezaji fulani, na muda fulani wa kucheza.

Kisa cha Threes na 2048 kinaonyesha pande zote mbili. Februari 2014 Asher Vollmer na Greg Wohlwend walitoa Threes, gemu ya kusukuma vigae vyenye namba kwenye ubao wa 4 kwa 4. Waliifanyia kazi kwa takriban miezi 14. Mwezi uliofuata, kijana wa Italia wa miaka 19, Gabriele Cirulli, aliandika 2048 kwa wikiendi moja, akianzia kwenye gemu nyingine iitwayo 1024, ambayo ilikuwa na asili kwenye Threes. 2048 ilikuwa ya bure, ikaenea ulimwenguni kwa siku chache, na mamilioni waliicheza bila kujua kwamba Threes ipo.

Tofauti za kanuni ni ndogo kwa macho. Katika Threes, 1 huungana na 2 peke yake, na kuanzia 3 namba huungana na pacha wake. Kila msukumo husogeza kigae hatua moja. Katika 2048, namba yoyote huungana na pacha wake, na vigae huteleza mpaka mwisho wa ubao. 2048 inaeleweka haraka zaidi, na hiyo ni sifa ya kweli. Lakini pia inakubali mbinu ya kusukumia kila kitu kona moja, juu na kulia, juu na kulia, na mtu akafika mbali bila kufikiri sana. Wenye Threes walichapisha maelezo marefu ya kazi yao wakisema kwamba tatizo hilo la njia nyepesi waliliona mapema walipokuwa wakiitengeneza gemu yao.

Somo ninalolichukua hapo si kwamba mwigaji alitenda dhambi. Cirulli mwenyewe alitaja alikotoa, akaiacha gemu yake wazi kwa yeyote. Somo ni kwamba kanuni zile mbili za Threes zilizoonekana kama mikunjo isiyo ya lazima zilikuwa na kazi: zilizuia njia ya mkato. Anayeiga kwa macho huondoa mikunjo kwanza, kwa sababu haoni inachofanya.

Kazi moja, njia mbili: bao kwenye simu

Tuache maneno ya jumla, tuchukue kazi yenyewe. Tuseme kikundi kinataka gemu ya bao kwa vijana ambao hawajawahi kukaa mbele ya bao. Mchezo uishe ndani ya dakika kumi hivi, ukae kwenye simu ya bei nafuu, na mzee wa Unguja au Lamu akiuona asikasirike.

Mwigaji atatafuta mchezo wa jamii ya bao uliokwisha tengenezwa, na karibu kila anachokiona chenye jina la "mancala" kitakuwa Kalah. Hii ilibuniwa na Mmarekani William Julius Champion miaka ya 1940: safu mbili, mashimo sita kila upande, na ghala la kila mchezaji pembeni. Programu zake zipo tele, nyingine msimbo wake uko wazi. Kikundi kinaweza kuichukua, kikapaka rangi ya mninga, kikaweka sauti ya kete na majina ya Kiswahili, na kikawa na kitu kinachochezeka ndani ya wiki chache.

Kitakuwa kimepata nini? Kimepata mchezo unaoisha kwa uhakika, kwa sababu kete zilizoingia ghalani hazirudi. Kimepata hesabu ambayo mgeni anaielewa bila kufundishwa: kete ni 48, ukivuka 24 umeshinda. Hizo ni faida kubwa kwa gemu ya dakika kumi, na mtu anayezidharau hajawahi kumfundisha mgeni mchezo.

Kitakuwa kimebeba nini pamoja nazo? Kwanza, kasoro inayojulikana. Mwaka 2000 watafiti waliichambua kwa kompyuta, mpaka mwisho, Kalah ya kete nne kila shimo, wakaonyesha kwamba anayeanza, akicheza bila kosa, anashinda. Pili, na hili ndilo linaloniuma, kitakuwa kimefundisha bao kinyumenyume. Katika Kalah unakula pale kete yako ya mwisho inapoangukia shimo lako lililo tupu. Katika bao la Kiswahili unakula pale inapoangukia shimo lako la mbele lenye kete, likitazamana na shimo la mpinzani lenye kete. Kijana aliyezoea la kwanza atakaa mbele ya babu yake na kila alichojifunza kitamwangusha. Tena katika bao hakuna ghala. Kete ulizokula zinarudi mchezoni, unazipanda upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, na kesho zinaweza kuliwa tena. Ukiondoa hilo umeondoa bao lenyewe, hata kama picha ni nzuri namna gani.

Mwigaji mwingine, mwaminifu zaidi, ataiga bao la Kiswahili lenyewe, kanuni kwa kanuni: safu nne za mashimo manane, kete 64, kila mmoja akianza na kete 6 kwenye nyumba, shimo maalumu la safu ya mbele, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya pembeni yake, na 22 mkononi, namua kwanza (kuingiza kete za mkononi), mtaji baadaye (kucheza na zilizo ubaoni tu). Hii ni kazi ya heshima na iko haja ya watu kuifanya. Ila haitatimiza sharti la mgeni wa dakika kumi. Nyumba peke yake ina haki zake ikiwa na kete sita au zaidi, na mgeni atakutana na haki hizo kabla hajajua hata anaelekea wapi.

Sasa njia ya ruwaza. Kikundi kinakaa na bao la mbao na kete halisi, bila kompyuta, kinauliza: bao limejengwa kwa nini? Kinaandika. Kuna akiba inayotolewa kidogokidogo: zile kete 22 za namua zinaingia moja kila zamu, na mchezo mzima wa mwanzo ni kujenga huku ukishambuliwa. Kuna kula kwa lazima: nafasi ya kula ikiwepo, hauruhusiwi kuikwepa. Kuna mali inayorudi mchezoni. Kuna mahali penye hadhi, yaani nyumba. Kuna uchaguzi wa upande wa kuanzia kupanda, ambao kwenye kichwa na kimbi, shimo linalofuata kichwa, unafungwa na kanuni. Kuna kushindwa kwa kukosa: safu yako ya mbele ikiwa tupu, au ukikosa mwendo, umekwisha.

Kisha kinauliza kila moja inaleta nini. Mali inayorudi mchezoni ndiyo roho, kwa sababu inafanya wingi wa kete uwe nguvu na windo kwa wakati mmoja: nyumba iliyojaa inakupa mwendo mrefu, lakini ikiliwa mpinzani anabeba kila kitu. Kwa hiyo, ruwaza hiyo haiguswi. Kula kwa lazima nako hakuguswi, maana ndiko kunakozaa mitego: unamlazimisha mwenzako ale mahali ambapo kula kutamfungua. Akiba ya namua? Hapa kikundi kitagundua kwamba watu wa pwani walikwisha lijibu swali hili. Lipo bao la kujifunza, ambalo kete zote 64 huwekwa ubaoni tangu mwanzo, mbili kila shimo, na namua haipo. Wazee waliondoa ruwaza moja na kubakiza nyingine ili mtoto aweze kuingia mchezoni. Walijua ni ipi inaweza kungoja.

Ukiwa na orodha hiyo, gemu ya simu inaanza kujichora. Hatua ya kwanza iwe bao la kujifunza. Hatua ya pili ilete akiba, pengine kete chache kuliko 22. Hatua ya tatu ilete nyumba na haki zake. Mwisho wa safari mchezaji yuko kwenye bao la Kiswahili kamili, na hakuna alichojifunza njiani ambacho lazima akisahau.

Hapohapo ndipo udhaifu wa ruwaza unapojitokeza, na sitaki kuuficha. Nani atakwambia akiba ya hatua ya pili iwe kete 8, 10 au 14? Hakuna ruwaza itakayokujibu. Utacheza, utabadilisha, utacheza tena, na watu watakaokaa nawe kwenye majaribio lazima wawe wageni kweli, kwa sababu mjuzi wa bao hawezi kujifanya hajui. Aliyeiga Kalah anakuwa amekwisha ingiza gemu yake sokoni wakati wewe bado unahesabu kete.

Kuna na ugomvi wa ruwaza ambao ubao wa mbao hauonyeshi ila simu inauonyesha. Kwenye bao mwendo mmoja unaweza kuzunguka mara nyingi: kete ya mwisho inaangukia shimo lenye kete, unaziokota, unaendelea. Mkono wa mchezaji ndio unaofanya kazi hiyo na macho yanafuata. Kwenye simu kete zinajiendea zenyewe. Ukiziendesha polepole, mpinzani anasubiri na kuchoka. Ukiziendesha haraka, mgeni anaona ubao umebadilika bila kujua umebadilikaje, na Church alikwisha sema mwaka 1999 kwamba mchezaji anapaswa kuona wazi matokeo ya alichofanya. Ukisoma ruwaza unaliona tatizo hili kabla ya kuandika msimbo, na unaweza kujaribu dawa: mchezaji aguse mwenyewe kila shimo la kuendelea katika hatua ya kwanza, na kujiendesha kuje baadaye akishazoea. Ukiiga, utaliona kwenye maoni ya watumiaji.

Sheria inasimama wapi

Hapa wengi wanajidanganya pande zote mbili. Wengine wanaamini kanuni za mchezo zina mwenyewe, hivyo wanaogopa hata kupanga vitu vitatu mstarini. Wengine wanaamini hazina mwenyewe, hivyo wanachukua kila kitu.

Makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki miliki, ya mwaka 1994, yanasema katika kifungu cha 9(2) kwamba hakimiliki inalinda namna jambo lilivyoelezwa, hailindi wazo, utaratibu wala njia ya kufanya. Ruwaza ni wazo. Haina mwenyewe. Lakini picha, sauti, umbo na mpangilio wa gemu ya mtu ni maelezo yake, na hapo mwigaji anaweza kuumia.

Mahakama za Marekani zimelionyesha hili vizuri mwaka 2012. Kampuni ya Xio ilikuwa imetoa Mino, nakala ya Tetris, na haikukana kwamba iliiga. Ilijitetea kwamba ilichukua kanuni tu. Mahakama ilikubali kwamba kanuni za kupanga vipande si mali ya mtu, ila ikaona Xio ilichukua na sura ya vipande, ukubwa wa ubao, kivuli kinachoonyesha kipande kitakapotua na mengine ambayo yangeweza kufanywa vinginevyo. Tetris ikashinda. Mwaka uohuo Spry Fox, wenye Triple Town, waliishtaki kampuni iliyotoa Yeti Town, ambamo dubu walikuwa wamegeuzwa yeti, viumbe wa theluji wa hadithini, na mengi mengine yalibaki vilevile. Mahakama ilikataa kuifuta kesi, na pande mbili zikamalizana nje.

Usifikiri Marekani ni mbali. Gemu yako itakaa Play Store au App Store, na maduka hayo ni ya kampuni za huko. Kanuni za App Store zina kipengele maalumu dhidi ya nakala, na gemu ikiondolewa hakuna hakimu utakayemfikia kwa haraka. Kipimo rahisi ninachowapa vijana ni hiki: kama huwezi kueleza gemu yako bila kutaja jina la gemu nyingine, bado hujatoka kwenye maelezo ya mtu.

Pesa na bando

Kuiga hubeba pia mfumo wa mapato, na huo ndio mzigo usioonekana kabisa. Candy Crush inakupa laifu tano, na kila moja iliyopotea inarudi baada ya dakika 30. Nyuma ya kanuni hiyo kuna dhana: kwamba baadhi ya wachezaji wataona afadhali walipe kidogo kuliko wangoje, na kwamba kulipa ni kugusa mara moja kwa sababu kadi ya benki imekwisha unganishwa na duka. Mchezaji wako analipa kwa M-Pesa au Airtel Money, anawasha bando akiwa na haja nalo na kulizima. Ukimwekea dakika 30 za kungoja, hatalipa. Atafungua gemu nyingine.

Mwenye kusoma kwa ruwaza atauliza kungoja kulikuwa kunafanya kazi gani. Kulikuwa na kazi tatu: kuuza, kumfanya mtu arudi, na kumzuia asimalize ngazi zote kwa siku moja. Ya kwanza inaweza isifanye kazi kwako, ila mbili zilizobaki unazihitaji, na zina njia nyingine. Fumbo jipya moja kila asubuhi, linalopakuliwa kwa data kidogo sana, litamrudisha mtu bila kumwadhibu.

Mnapozungumza

Jambo fupi, ila limevunja vikundi vingi. Mchoraji akiambiwa "iwe kama Candy Crush", anawaza rangi. Mwandishi wa msimbo anawaza ubao. Mwenye fedha anawaza mapato. Wote wamekubali, na hakuna waliloafikiana. Ukisema "hatua ziwe na kikomo, na zawadi ije kwa kupanga vinne", kila mtu anajua afanye nini, na akipinga anapinga kitu kinachoonekana. Kwa kikundi cha mtu mmoja faida hii haipo, na kwa watu wawili wanaofahamiana sana ni ndogo.

Basi uchague ipi

Kama hujawahi kumaliza gemu hata moja, iga. Chagua ndogo, iige yote mpaka ilingane na ya asili kidole kwa kidole, na usiitoe hadharani. Ruwaza zaidi ya 200 mbele ya mtu asiyejua kumfanya mhusika aruke zitamchanganya tu. Atakusanya majina na hatajenga kitu. Mkono unahitaji kujua kwanza ugumu uko wapi.

Kama mna miezi miwili na mashindano mbele yenu, igeni kiini kimoja kinachojulikana na mbadilishe ruwaza moja tu, ile yenye uzito kuliko zote. Mkibadilisha tatu hamtajua ipi imeharibu.

Kama mchezaji wenu si yule aliyelengwa na gemu ya asili, kwa umri, kwa simu, kwa namna ya kulipa au kwa mahali anapochezea, msiige vipimo vyake. Nendeni kwa ruwaza hata kama itachukua muda mara mbili. Na kama mnachukua mchezo wa jadi, uwe bao, drafti au karata, ruwaza kwangu ni sharti, kwa sababu mchezo huo una wenyewe walio hai ambao wataona mara moja kama mmeelewa au mmepaka rangi tu. Kaeni nao kwanza. Waulizeni ni kanuni ipi wanamfundisha mtoto mwanzo na ipi wanaichelewesha.

Na kama mko katikati, kama vikundi vingi vilivyo, fanyeni hivi wiki hii. Chukueni gemu mnayotaka kuiiga, muicheze na kalamu mkononi, na kwa kila kanuni mwandike mistari mitatu: inamfanya mchezaji afanye nini, tukiiondoa kitaharibika nini, na inategemea kanuni gani nyingine. Kanuni ambazo hamkuweza kuziandikia mstari wa pili, msiziguse kwenye toleo la kwanza. Ziacheni kama zilivyo na mzijaribu moja moja baadaye. Ambazo mmeziandikia yote matatu, hizo ndizo mlizo na uhuru wa kuzibadilisha kuanzia leo.